Kiti cha Mbele Mpaka Mombo

Gari la baba halikuibwa. Liliazimwa, kipande kimoja kimoja, mchana kweupe, na watu wema waliobisha hodi na kumjulia mama hali kabla ya kutoa spana mfukoni. Nilipostaafu ufundi wa magari Tanga na kurudi kwetu, juu kidogo ya Malindi ya huku Lushoto, nilikuta chini ya mabati ya uani chesisi, injini iliyojaa viota vya panya, na kuku mmoja anaatamia pale ilipokuwa dashibodi. Mama aliniambia kuku yule nisimsumbue, maana katika kijiji kizima ndiye pekee aliyeingia humo asitoke na kitu.

Lilikuwa pikapu ya Kifaransa, ya zile zilizokuwa nyingi zamani, viti viwili mbele na bodi wazi nyuma. Watu waliliita gari la baba mpaka siku lilipombeba mgonjwa wa kwanza, na kuanzia hapo likawa gari letu. Neno hilo lilikuwa na nafasi ya kila mtu. Wagonjwa walipelekwa nalo Lushoto, na waliozidiwa wakashushwa mpaka hospitali Tanga. Maharusi walichukuliwa nalo. Karoti na kabichi zilishuka nalo Mombo, kwenye barabara kuu, mvua inyeshe isinyeshe. Kiti cha mbele kilikuwa na foleni yake ya heshima: mgonjwa, shehe, bibi harusi, kisha mzee yeyote mwenye fimbo. Mke wa mwenye gari hakuwemo kwenye foleni. Mama alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia, mgongo ameuegemeza kwenye kebini, akawa anatazama tulikotoka.

Katika ndoa yao yote hakukaa mbele hata siku moja, na jambo hilo alilitaja kila alipoulizwa habari za marehemu. Ukimwuliza baba alipenda mboga gani, atakujibu kiti.

Siku chache baada ya mimi kurudi alinikuta nimelala chini ya chesisi, naigonga kwa nyundo kuona kutu imekula wapi. Akaniuliza kama litatembea. Nikamjibu kifundi, kwamba inategemea. Jibu halikumpendeza. Alisema magoti yake hayana muda wa kusubiri nitegemee mpaka nichoke, na kwamba kwangu mimi hataki blanketi, hataki redio, hataki kupelekwa Dar kwa dada yangu akafungiwe ghorofani. Anataka kukaa mbele kutoka hapa mpaka Mombo, halafu arudi nyumbani kwake. Nikaahidi. Mtu aliyezeeka katika ufundi huahidi kirahisi, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya kazi isiyohitaji spea.

Injini haikunisumbua kama nilivyoogopa. Niliishusha, nikaisafisha, nikafukuza panya, na pistoni na gasketi nikazipata kwa wenzangu wa zamani Tanga, ambao walinicheka kwenye simu mpaka wakakohoa, kisha wakazituma kwa basi. Kilichonitoa jasho ni bodi, maana bodi ilikuwa imeoa na kuolewa kijiji kizima. Mlango wa kushoto ulikuwa mlango wa banda la mbuzi, na ulifungika vizuri kuliko ulivyowahi kufungika garini. Tanki la mafuta lilikuwa linamwagilia nyanya. Honi ilikuwa kwa mwenye shamba la njegere, ameiunga kwenye betri ya sola, anafukuzia ngedere, na ngedere wenyewe walishaizoea.

Sasa kwetu huwezi kwenda kwa mtu asubuhi ukamwambia nipe mlango. Unaanza na shikamoo. Unauliza watoto, unauliza mbuzi, unauliza mvua, unakunywa chai, unaaga bila kuutaja mlango. Ukirudi tena unausifu, kwamba siku hizi vitu vigumu namna hii havipatikani. Ukirudi mara nyingine mwenyewe ndiye anayekwambia, hivi mlango huu si wa gari letu? Nawe unauangalia kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza unauona. Nilikunywa chai nyingi mwaka ule kuliko nilivyokunywa miaka yote ya ajira.

Na walitoa, siwezi kukataa. Walitoa kwa moyo mweupe, hakuna aliyetaka malipo, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Anayekuuzia mlango anakwenda zake. Anayekurudishia mlango kwa hisani anabaki na wewe, anapita kila jioni kuuangalia, anauliza kwa nini umeupaka rangi hiyo. Ilifika wakati nikawa nafanya kazi mbele ya kamati. Mwenye honi aliwahi kunieleza namna ya kurekebisha kabureta, kitu ambacho hajawahi kukigusa maishani, nami nikamsikiliza kwa adabu huku nikiomba Mungu anipe subira.

Kiti chenyewe cha mbele kilikuwa barazani kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikiweka juu ya matofali, akakifunika kitambaa cha kufuma, na mgeni aliyekalishwa hapo alijua kwamba amepewa daraja. Kati ya shangazi na mama kulikuwa na ule uwifi wa maneno matamu yenye miiba, na miaka ilikuwa imeunoa badala ya kuuchosha. Shangazi alisikiliza ombi langu lote, na chai yake, kisha akasema kiti ni cha kaka yake, nikichukue, ila siku kitakaposafiri naye atakwenda nacho. Niliona ni maneno ya kizee tu, nikabeba kiti nikaondoka. Nilipomweleza mama, alicheka kwa pua.

Gari liliwaka siku ya Ijumaa. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, kuku akahama kwa hiari yake, likaunguruma. Nilisahau umri wangu. Nikaruka ndani nikalipeleka barabarani kulijaribu, na huko nikagundua kwamba nikiinua mguu tu kwenye mafuta injini inazimika, na kwamba palipo na mlima sitaliwasha tena bila kusukumwa na watu. Kwa hiyo sikusimama. Nilipita katikati ya Malindi, mbele ya wazee waliokuwa wanatoka msikitini, nikiwaamkia kwa sauti dirishani. Lakini shikamoo inayopita mbio na moshi nyuma yake haipokelewi. Kabla sijageuza gari mama alishapigiwa simu kwamba mwanawe amerudi na kiburi cha mjini. Vijana wa bodaboda walinirekodi, na jioni dada yangu aliiona video akiwa Dar, akauliza kwenye kundi la familia nilikuwa namkimbia nani. Kesho yake nilirudi Malindi kwa miguu, nikamwamkia kila mzee mmoja mmoja nikiwa nimesimama, mikono nyuma. Kisha nikarudi kufunga kabureta upya.

Siku ya safari nilikuwa nimepanga tuwe watu wawili. Nilipofungua mlango alfajiri nilikuta uani kumejaa. Mwenye mlango wa mbuzi alikuja na magunia ya viazi. Mwenye tanki alikuja na matenga ya nyanya na mke wake. Mwenye honi hakuwa na mzigo wowote, alitaka tu kuipiga. Wote walikuwa wameshapanda, wamejipanga nyuma kwa utulivu wa watu waliolipa nauli. Na mbele, juu ya kiti kile, alikaa shangazi, amevaa ushungi mweupe na pochi amepakata, anatazama barabara kana kwamba gari lilishaondoka.

Mama akatoka ndani. Alikuwa na kanga mpya na sweta alilotumiwa na dada yangu. Alimwona wifi yake, akasimama kidogo. Kisha akaanza kuzunguka kwenda nyuma ya gari. Sikupenda kuona namna alivyokwenda. Mkono ulishika pembe ya bodi palepale, mguu ukatafuta bampa wenyewe, magoti yale mabovu yakajikunja kujaribu kupanda. Mwili wake uliijua njia ile. Hasira ilinipanda, na sikujua ni hasira ya shangazi, ya baba, au ya kijiji kizima na vipande vyake.

Nilikwenda dirishani.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Naomba ushuke."

Nyuma shingo zikanyooka, hata kuku wa mtu waliofungwa miguu wakageuza vichwa. Shangazi alisema kiti ni chake, na kila aliyekuwepo anajua. Nikamwambia ni chake kweli, na jioni nitakirudisha barazani kwake nikikibeba mwenyewe, lakini mpaka Mombo kitakaliwa na mama, kwa sababu hajawahi. Nilitegemea anitukane. Badala yake aligeuza shingo akamtafuta mama pale nyuma.

"Wifi, hujawahi kweli?"

Mama akasema hajawahi. Shangazi, ambaye alikaa mbele na kaka yake kwenye kila msiba na kila harusi, alionekana anahesabu safari hizo upya kichwani. Akafungua mlango wa mbuzi akashuka. Walimvuta juu ya magunia kwa mikono miwili, na tulipofika Lushoto nilimsikia akiwaeleza wenzake kwamba upepo wa nyuma ni dawa ya kifua.

Mama alipanda mbele, akasema bismillahi, tukaondoka. Sijapata kuendesha abiria wa namna ile. Msitu wa Magamba ulikuwa na ukungu wake, baridi inaingia kila upenyo wa bodi, naye amekaa wima kama anapigwa picha. Lushoto mjini aliniamuru nipunguze mwendo, akawaamkia watu anaowajua na asiowajua, mkono nje, polepole, ili wapate nafasi ya kuuliza ni nani yule. Aliuliza mshale huu wa dashibodi ni wa nini, kitufe kile cha nini. Aliniambia naingiza gia kwa nguvu, kwamba baba hakuwa hivyo, naye mama alikuwa anazisikia gia akiwa kule nyuma. Nilifurahi, nasema wazi. Nilijiona mtoto wa maana.

Soni tulipoipita, maneno yakapungua. Huko ndiko barabara inakoanza kushuka kwa kona, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, na kwenye kona nyingi bonde lilikuwa upande wake. Nilikuwa gia ya pili, breki nimezifunga mwenyewe, sina wasiwasi. Kwenye kona moja nyembamba lori likatokea linapanda, limejaza barabara. Nikalisogeza gari pembeni mpaka tairi la kushoto likakanyaga changarawe, nikasimama. Mama aliangalia chini kupitia dirishani kwake. Hapakuwa na kitu cha kuangalia isipokuwa vilele vya miti, mbali, na mto chini yake. Vijiwe vilianguka, hatukusikia vikifika.

Lori likapita. Sikuondoa gari mara moja, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshika wa kwangu juu ya gia.

"Alikuwa anapita hapa na mvua?"

Nikasema ndiyo.

"Na mgonjwa analia pembeni yake, na mimi na nyinyi huko nyuma?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akaanza kuongea, si kwangu hasa. Alisema baba akirudi safari alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, hajavua viatu, haongei. Ukimwekea chakula anakiangalia. Yeye alidhani ni dharau. Alidhani maneno yote amewamalizia waheshimiwa wake wa kiti cha mbele, nyumbani analeta mabaki. Alimgombeza kwa hilo, mwaka baada ya mwaka, naye hakujitetea. Kutoka nyuma, alisema, barabara ilikuwa inaonekana pana, maana kila alipoiona walikuwa wameshaipita salama.

Nilimwambia kona zilizobaki si nyingi. Kama anaogopa afumbe macho, abiria wengi hufumba, nitamwambia tukifika.

"Nikifumba utaangalia peke yako," akasema. "Yeye aliangalia peke yake."

Akautoa mkono wake juu ya wangu ili nipate gia. Tukashuka. Hakufumba, na kila kona alinitajia kwa sauti ndogo kinachokuja: basi, pikipiki, mtu na mbuzi. Nilikuwa nawaona. Niliitikia kila mara kama sijawaona.

Mombo kulikuwa na joto lake la siku zote. Watu wakashusha magunia, mwenye honi akaipiga mpaka wauza matunda wakageuka. Shangazi akaja mbele anajipangusa vumbi, akainama dirishani, na kwa ile sauti yake ya miiba akamwuliza wifi yake kama sasa ameridhika, ameipata hiyo heshima.

Mama alikuwa bado amekaa, hajafungua mlango.

"Kaka yako alikuwa anaogopa, wifi," akasema. "Miaka yote ile. Nami nilikuwa nyuma yake, nimenuna."

Shangazi aliingiza mkono dirishani akashika kanga ya mama pale begani, akabaki ameishika. Mimi nilikwenda mbele nikafungua boneti, nikainama juu ya injini kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na tatizo lolote.