Hatamu ya Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke. Si teke la kuvunja mtu, lakini lilinikalisha chini kwenye majani makavu mbele ya watu wazima. Msimamizi wa banda, mzee wa Kijamaika mwenye sauti ya spika za harusini, akaniinamia na kuniuliza kama ningependa kurudi kufagia hospitali. Nikamwambia napenda kwanza kumjua aliyenipiga. "Anaitwa Karibu," akasema. Wee! Nilicheka mpaka nikasahau maumivu. Nimetoka Molo mpaka Toronto, nimevaa makoti mawili moja juu ya jingine, halafu ninapigwa teke na Karibu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikaa Weston, kwenye ghorofa zile za zamani karibu na mto, na uwanja wa mbio haukuwa mbali kwa basi. Vijana wa kanisani wakinisikia nasema nilifanya kazi kwenye mbio za farasi, wanadhani nilikuwa nacheza kamari. Sijaweka hata senti moja maishani mwangu. Mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Baba yangu naye alikuwa saisi kwenye shamba la wazungu kule Molo, na alikuwa akinifukuza bandani kwa sababu eti si mahali pa msichana. Kazi niliijua kwa kufukuzwa na kurudi.

Toronto hawakunifukuza, ila walinianzisha chini kabisa. Ngazi ya kwanza bandani ni mtembezaji. Farasi akishakimbia mazoezi ya alfajiri, damu yake imechemka, huwezi kumfungia tu kama gari. Unamtembeza polepole kuzunguka banda, anywe maji kidogo kidogo, mpaka jasho likauke. Nilizunguka hivyo majira mawili mazima. Ndipo msimamizi akanipa farasi wangu wa kuwatunza, na wa kwanza akawa jike yule yule, Karibu. Nadhani alifanya makusudi.

Juu ya msimamizi alikuwepo Mwalimu, ndiye anayefundisha farasi na kuamua nani akimbie mbio gani. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia isiyotoka kichwani hata akiwa na huzuni. Jambo moja alilonifundisha ni kuamini kiganja. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya salamu, unapiga magoti na kupitisha kiganja chako kwenye mguu wa mbele wa farasi, kutoka gotini kushuka. Nyuma ya mfupa kuna kano, nene kama kamba. Ukikuta joto pale, kuna shida. "Mdomo wa farasi haudanganyi kwa sababu hausemi," aliniambia. "Lakini mguu unasema. Usikilize kila siku, hata siku ambayo hutaki kusikia."

Mwenye Karibu alikuwa Bwana Nurdin, Mwismaili mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Siku aliponisikia nikimgombeza farasi wake kwa Kiswahili, alisimama mlangoni kama aliyemwagiwa maji.

"Mama, wewe wa wapi?"

"Molo."

"Molo! Pahali ya viazi! Na huyu mwanamke wangu amekupiga?"

"Amenipiga, Bwana Nurdin."

"Mimi pia alinipiga. Sasa sisi ni jamaa."

Tangu siku hiyo alikuwa akija kila Jumamosi na kashata zilizopikwa na mkewe. Tulipiga gumzo la Kiswahili mpaka Wajamaika wakatuuliza tunamsengenya nani. Binti yangu Shiro wakati huo alishaanza kunijibu Kiingereza tu, kwa hiyo siwafichi, kile Kiswahili cha bandani kilinishibisha kuliko hizo kashata.

Kuhusu nasaba niwaeleze kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa lililofuata. Farasi wa mbio huwa hatajwi peke yake. Utasikia watu wakitaja baba yake, mama yake, na baba wa mama yake, kwa mkupuo mmoja, kama wazee wanaoulizana posa. Wanataka kujua kasi imetoka wapi na ubovu umetoka wapi. Karibu alirithi kasi kwa baba. Kwa mama alirithi mguu wa mbele wa kushoto uliopinda kidogo kuelekea ndani. Ukimtazama haraka huoni. Alishinda mbio kadhaa nzuri, kisha kano ya mguu huo ikachanika. Akapelekwa shambani kuzaa. Alizaa mara moja tu, mtoto jike, na kuzaa huko kukamuua.

Bwana Nurdin alinipigia simu akilia. Mtoto alikuwa hai. Akamwita Hodi.

Hodi alipoletwa bandani kwetu kuanza mazoezi, nilipiga magoti hata kabla hajala. Mguu wa kushoto ulikuwa wa mama yake mtupu. Bwana Nurdin akatoa ndani ya mfuko hatamu ya ngozi ya Karibu, ile ya kumwongozea farasi asiyevaa lijamu mdomoni, yenye kibati cha shaba shavuni. Nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda ili imkae binti. Hodi hakuwa na teke. Yeye alikuwa na ukaidi. Hakubali kupanda lori, kushuka lori, wala kuingia kwenye milango ya kuanzia mbio, mpaka anuse hatamu ile kwanza. Watu walinicheka, lakini nilikuwa nasimama naye mpaka anuse, na alikuwa akikimbia kama mwizi aliyeonwa. Mwalimu hakumkimbiza mara nyingi. Mbio moja, halafu mapumziko marefu mpaka mguu upoe. Kwa njia hiyo alishinda na akabaki mzima.

Kisha Mwalimu akastaafu. Banda likachukuliwa na Mwalimu mpya, kijana mchapakazi asiyependa kuona farasi amepumzika. Msimu huo huo Bwana Nurdin akalazwa kwa ugonjwa wa moyo, na mambo yake yakashikwa na mwanawe, mtu mwema lakini wa kompyuta, aliyewaogopa farasi. Mwalimu mpya akamshauri wamwingize Hodi kwenye mbio za kuuzwa, ambako ushindi ni rahisi, na mwana akakubali.

Mbio za kuuzwa ni hivi. Farasi wote wanaokimbia wana bei. Kabla ya mbio, mwenye leseni akimtaka mmoja wao anatumbukiza ombi lake sandukuni. Milango ikifunguka, farasi si wako tena. Hata akianguka hatua tatu mbele, ni wa mnunuzi. Na banda la upande wa pili wa uwanja, banda la chini tulivyoliita, lilikuwa likinunua farasi hivyo na kuwakimbiza mfululizo mpaka waishe. Nilijua wanamtaka Hodi. Nilikuwa siwezi kula.

"Mfunge bendeji miguu yote miwili ya mbele," Mwalimu mpya akaniamuru asubuhi ya mbio. "Wakiona bendeji watadhani ni mgonjwa, watamwacha."

"Bosi, huo ujanja kila mtu anaujua. Wakiona bendeji watasema tunamficha farasi mzima. Mwache miguu wazi, waone wa kushoto ulivyopinda."

"Mfunge."

Nikamfunga. Hodi akanusa hatamu, akaingia milangoni, akashinda kwa urefu wa kichwa. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa natazama mkono wa karani, na karani akaja moja kwa moja akafunga kitambulisho chekundu kwenye lijamu ya Hodi. Kauzwa. Kwa banda la chini.

Kuna desturi hapo ambayo sijawahi kuizoea. Farasi akiuzwa, hatamu yako haiendi naye. Unamkabidhi mtupu, na saisi mpya anamvika ya kwao. Alikuja mwanamume na hatamu ya nailoni ya kijani. Hodi akaikwepa, akanyoosha shingo kuitafuta ya mama yake begani mwangu, na mimi nikageuka nikaondoka. Nilirudi bandani nimebeba hatamu tupu, nalia waziwazi, na mzee wa Kijamaika akanifungulia mlango.

Asubuhi iliyofuata sikwenda kwetu. Nilikwenda banda la chini kuomba kazi.

Mwalimu wa huko alinitazama juu mpaka chini. "Wewe si wa wale wa juu? Umefukuzwa?"

"Nimeacha. Nataka kazi ya saisi. Na nataka yule jike wa jana awe wangu."

"Hapa farasi anakula akikimbia," akasema. "Ukilijua hilo, chukua ndoo." Masaisi walikuwa adimu, vinginevyo angenifukuza. Nyumbani Shiro akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama kweli nimehama kazi kwa sababu ya farasi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, na supu iko jikoni.

Hodi akakimbizwa. Akapumzika kidogo tu, akakimbizwa tena. Kila asubuhi kiganja changu kilikuwa pale, na kila asubuhi kulikuwa na uvuguvugu ambao nilijiuliza kama ni wa kweli au ni hofu yangu. Kisha ikafika asubuhi ya mbio nyingine, nikagusa, na sikujiuliza tena. Palikuwa pa moto kama sufuria iliyoepuliwa.

Nikamwambia bosi. Akapiga magoti, akagusa, akagusa tena. Hakuwa mjinga. Alikuwa amewaahidi wenye farasi wake ushindi, na farasi wengine wawili walikuwa wagonjwa.

"Mtie mguu kwenye ndoo ya barafu," akasema. "Daktari wa uwanja atapita. Akimaliza kupita, mtoe."

Barafu ni dawa, tuliitumia kila siku. Lakini asubuhi ya mbio, kabla ya daktari anayekagua kila farasi atakayekimbia, barafu ni pazia. Inaua joto kwa muda, daktari anagusa mguu baridi, anapita. Jioni farasi anakimbia kwa kano iliyochoka, na ikikatika katikati ya kona, hakuna cha kushona. Anazungushiwa turubai watu wasione, anadungwa sindano ya mwisho, mambo yameisha. Nilishaiona turubai hiyo. Kila saisi wa siku nyingi ameiona.

Nikajaza ndoo barafu. Nikaiweka mbele ya Hodi. Nikasimama nimeishika hatamu ya kijani, nikijua kwamba saisi aliyemkaidi bosi asubuhi ya mbio habari zake zinafika mabanda yote kabla ya chai. Na mguu wa Hodi sikuuinua. Uliendelea kukanyaga majani makavu pembeni mwa ndoo.

Daktari akaingia, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa. Bosi alikuwa nyuma yake. Akainama, akapitisha kiganja kwenye mguu wa kulia. Akahamia wa kushoto. Kiganja kikashuka, kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena, kikasimama palepale.

"Mtembeze," akaniambia. Nikamtembeza. "Mkimbize kidogo." Nikamkimbiza, na Hodi akakirusha kichwa juu kila alipokanyaga kushoto.

"Leo hakimbii," daktari akasema, akaandika. "Wala mwezi huu."

Akaondoka. Bosi akaitazama ndoo. Barafu ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, haijaguswa.

"Nilikwambia nini?"

"Ulinisikia asubuhi nikikwambia mguu una moto."

"Chukua vitu vyako."

Sikuwa na vitu. Nilikuwa na kikombe.

Wiki zilizofuata sizipendi hata kuzikumbuka. Banda hakuna lililonitaka. Na Hodi nilikuwa nimemponya nini? Farasi asiyekimbia, kwa bosi yule, alikuwa mzigo, na nilijua malori ya mnada yanakopeleka farasi ambao ni mzigo. Hawarudi. Nikapiga simu nyumbani kwa Bwana Nurdin, mwanawe akapokea, akasema baba hatakiwi kushtuliwa. Nikamweleza yeye kila kitu, mguu, barafu, mnada. Akasema ahsante auntie, akakata. Nikakaa jikoni, nikajiambia nimemwondoa kwenye uwanja nikampeleka kwa wachinjaji. Shiro akanishika bega. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaniambia kwa Kiswahili, "Pole, Mami."

Kisha simu ikalia. Sauti ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa yenyewe.

"Mama Shiro. Ile hatamu ya Karibu, wewe iko nayo bado?"

"Ninayo."

"Basi lete shambani, pale Karibu alizaa. Kijana yangu amenunua mtu, na huyo mtu anakataa kushuka lori."

Haki ya Mungu, sikumbuki jinsi nilivyofika. Hodi alikuwa amesimama ndani ya lori, ameikaza shingo, mwana wa Bwana Nurdin anamvuta kwa nailoni huku amefumba macho. Nikainua hatamu. Akanusa kibati, akanusa ngozi, kisha akaingiza kichwa mwenyewe, nikafunga mkanda kwenye lile tundu nililomtobolea. Akashuka.

Baadaye nilipata kazi tena, kwenye mabanda mawili matatu, mpaka magoti yangu yakakataa kuinama. Sasa nimestaafu. Vijana mkiniuliza kazi ile ilikuwa nini, nawaambia ilikuwa ni kupiga magoti na kugusa, na kusema ulichokigusa hata kama hutaki. Sina ujuzi mwingine wa kuwapa.

Juzi juzi Hodi alizaa. Bwana Nurdin alinipitia kwa gari la mwanawe, tukaenda. Mtoto ni jike, mwekundu, ana miguu mirefu kama nguzo za hema. Nilishuka kwenye magoti yangu haya mabovu, nikapitisha kiganja kwenye mguu wa mbele wa kushoto, kutoka gotini kushuka. Nikakipitisha tena.

"Vipi?" Bwana Nurdin akauliza pale uani, kofia mkononi.

Nikafuta machozi kwa kiganja kile kile.

"Umenyooka," nikamwambia.