Matete ya Mama Mauwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilimfungia nje mtoto wa miaka mitano, nikajisifu moyoni kwamba leo nimefanya kazi. Kaa, usisimame na mzigo wako hapo mlangoni. Mashua ya kwenda Moba haiondoki sasa hivi, na wewe unakwenda kufundisha watoto wadogo. Siwezi kukuacha uende bila kukuambia jambo hili, hata kama linanitia aibu mpaka leo.

Ulikuwa wakati wa Zaire. Kila Jumamosi tulifanya salongo, mtaa mzima ukitoka na majembe na mapanga kufanya kazi ya wote. Tulizibua mitaro, tukafagia njia, halafu mtaa wetu wa karibu na ziwa ukakubaliana kujenga gadieni, yaani shule ya watoto ambao hawajafikia mwaka wa kwanza. Mama Zaina, mjane wa zile familia za Kiislamu zilizokuja zamani na biashara ya ziwa, alitoa kiwanja cha nyuma ya nyumba yake. Hakuuliza nani anakwenda misa na nani anakwenda msikitini. Alisema ni kwa watoto wa mtaa wote, basi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kusoma kwa masista, na watu wakanichagua niwe mwalimu. Wee! Kichwa kilivimba. Nilitembea katikati ya njia kama gavana.

Sasa sikiliza ugumu ulikuwa wapi. Direktere wa shule ya msingi alituambia madawati yake ni machache, kwa hiyo mwaka ukiisha atapokea watoto nitakaowaandika mimi, wale waliokuja kila siku. Atakayekosa atangoja mwaka mwingine. Na wewe unajua kungoja kwetu kulivyo, hasa kwa msichana. Akingoja kidogo tu, anafungiwa mdogo wake mgongoni, na habari ya masomo imekwisha.

Nikaweka sheria yangu. Saa moja na nusu tunasalimu bendera, tunaimba zile nyimbo za chama, kisha nafunga mlango wa ua wetu wa matete kwa waya. Aliyechelewa arudi kwao. Akizidi kuchelewa, namfuta.

Mauwa alichelewa kila siku. Alikuja mbio saa mbili na kitu, magamba ya ndagala yamemganda miguuni, ananuka samaki. Wenzake walibana pua, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaacha wabane. Siku za kwanza alilia pale nje. Baadaye akaacha kulia, akawa anachuchumaa nyuma ya ua, anapanua matete kwa vidole na kuchungulia. Tukihesabu, naye anahesabu. Tukiimba, sauti yake inatoka kule nje. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa, mwanangu, nikajifanya sisikii. Siku moja nikashika biki na kuvuta mstari juu ya jina lake. Nikautazama ule mstari, nikaona umenyooka vizuri.

Mama Zaina hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa barazani anachagua mchele, akaniita watoto walipotawanyika.

"Mwalimu, ule mutoto wa inje, njo nani anamufungia?"

"Njo mimi, Mama. Anachelewa kila siku."

"Mama yake unamujua?"

Nikasema hapana. Akapuliza pumba taratibu, akamaliza sinia zima. "Kesho asubuhi ushuke kwenye muchanga, umusaidie kuanika. Kisha utakuja kunielezea habari ya kuchelewa."

Nilikasirika! Mwalimu mzima aanike ndagala? Lakini kiwanja kilikuwa chake, na mama yangu angesikia nimembishia mzee ningekiona cha moto. Nikaenda kulipopambazuka, nimevaa na viatu, mjinga mimi.

Mitumbwi ilikuwa inarudi na taa zake zimekwisha zimwa. Mama Mauwa, mwanamke mwembamba mwenye kichanga mgongoni, alinitupia beseni bila hata kuniuliza nimefuata nini. Ndagala hazina subira. Zisipotandazwa mapema mchangani, moja moja, zisilaliane, jua linazioza na nyumba inalala njaa. Tukainama. Mama akienda kuchota beseni jingine, mtoto ndiye anayelinda zilizokwisha tandazwa. Mauwa alisimama na fimbo ya tete, anafukuza kunguru na kuwahesabu: kunguru mmoja, kunguru wawili, kunguru watatuuu. Aliivuta ile "tatu" kama ninavyoivuta mimi darasani. Mama yangu wee, nilijisikia vibaya.

Niliponyoosha mgongo jua lilikuwa limepanda. Nikauliza ni saa ngapi.

Mama Mauwa akacheka. "Mwalimu, umechelewa."

Ni kweli, nilikuwa nimechelewa, na watoto wangu walikuwa wamesimama mlangoni wananingoja. Hakukuwa na mtu wa kunifungia nje. Kisha yule mama akasema, macho yake yako kwenye samaki, "Ile matete ya ua wa masomo, njo mimi niliikata. Jumamosi tatu, na mimba ya huyu wa mugongo. Nilisema, Mauwa wangu atasoma."

Hakuwa na hasira, na heri angenitukana. Nilitamani ardhi ipasuke. Ua aliokatia matete mwenyewe, na mimba yake, ndio niliomfungia mtoto wake nje.

Nikamshika Mauwa mkono, tukapanda mbio wote wawili. Watoto waliponiona na magamba yangu miguuni, wakabana pua! Nikawaambia, haya, nuseni vizuri, njo harufu ya mwalimu wenu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya salongo, niliomba mtaa tuanze saa tatu, ndagala zikiwa zimekwisha kuanikwa. Wamama ambao waume zao walifanya kazi biro, yaani ofisini, hawakupenda, na wawili waliwatoa watoto wao. Tulibishana hiyo Jumamosi na iliyofuata. Mwishowe tukaanza saa tatu, na mabibi wa mtaa wakapeana zamu ya kulinda ndagala. Mama Zaina alichukua Jumatatu. Ungemwona, na vitenge vyake vizuri na mwavuli, anatukana kunguru! Direktere aliponiuliza kwa nini jina la Mauwa lina mstari, nilimwambia kosa ni langu, siyo la mtoto. Mauwa aliingia mwaka wa kwanza.

Lakini kabla yake nilikuwa nimefuta wavulana wawili. Nilipokwenda kuwatafuta, wazazi wao walikuwa wamehamia Zongwe kufuata samaki. Mmoja aliitwa Kabwe. Wa pili, mwanangu, jina lake nimelisahau, na mstari ule niliuvuta mimi kwa mkono huu.

Basi nakuambia. Mtoto akichelewa, usimuulize yeye, ana miaka mitano, atakujibu nini? Shuka uone anakotoka, ukainame na mama yake mpaka kiuno kikuume, ndipo uweke saa zako. Mwenye magamba mkalishe mbele, na wengine wakibana pua, wewe mkumbatie. Shule ya mtaa ilijengwa na mikono ya watu, na ujue ni mikono ya nani. Na kabla ya kufuta jina, lisome kwa sauti, usije ukalisahau kama mimi.

Nenda sasa, mashua isikuache. Mungu akuvushe salama, akupe sauti ya kuimba na mgongo wa kuinama. Na waya wa mlango wako, mwanangu, ushike kutu kwa kukosa kazi.