Mwanafunzi mpya niliyekabidhiwa alikimbia maji ya baraka, na Jumapili nyingine ilikuwa inakuja

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri shikamooni, na nyie wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Nasoma hapa barazani malalamiko ya walimu wenzangu kuhusu wanafunzi wapya. Wanatoroka, wanalia, hawashikiki. Nimenyamaza muda mrefu, leo naleta ya kwangu.

Chumvi sijaongeza. Anayetaka ya kutunga aende kwa wawindaji, wale kila siku wameua tembo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mndamba wa hapa bondeni, mtoto wa wavuvi, na ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mama alikuwa anasema mimi nikiona kawingu tu, naanza kuhamisha vyungu. Kwa hiyo mkiwa mnasoma, mjue nilikuwa nahamisha vyungu toka mwanzo mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya Maji Maji.

Mjerumani yuko Mahenge kwenye boma lake. Njaa kubwa imepita, lakini watu bado wembamba, na nyumba nyingi hazina baba. Misheni ya huku Ifakara ilikuwa na chuo cha walimu. Kijana anaingia hajawahi kushika kalamu, akimaliza anapelekwa kijijini kufundisha.

Utaratibu ulikuwa hivi: kila wa mwaka wa pili anakabidhiwa mmoja wa mwaka wa kwanza. Umfundishe kengele zinasemaje, alale wapi, afute vipi kibao chake bila kutema mate, maana Padre Mkuu alikuwa anachukia mate kuliko dhambi. Mgeni wako akiharibu, mmeharibu wote wawili.

Mimi nikapewa Liganga.

Mpogoro wa milimani huko, mrefu, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Hakuja kwa kupenda. Kila jumbe alikuwa ameamriwa na boma atoe kijana mmoja wa kusoma, na jumbe wa kwao alikuwa baba yake mdogo, ndiye aliyemlea. Kijana akitoroka, jumbe anakwenda kujibu Mahenge. Na mnajua wenyewe kujibu Mahenge maana yake nini. Ni mnyororo shingoni na mzigo kichwani, na mzee yule kifua chake kilikuwa kibovu.

Nikasema moyoni, eeh Mungu, katika vijana wote kwa nini mimi nipewe huyu?

Siku aliyofika nilimpa maji ya kunywa, kama mgeni yeyote anavyopewa. Akapokea kata kwa mikono miwili, vizuri kabisa, akashukuru. Nilipogeuka nikamwona anayamwaga nyuma ya mguu wake.

Nikadhani labda ameona mdudu.

Lakini ikawa kila siku. Hanywi maji ya mtu. Anashuka mtoni mwenyewe, anachota mwenyewe, anakunywa hukohuko. Wenzake wakapata la kusema. "Mpogoro anaogopa maji halafu kaletwa Kilombero, bonde lenyewe maji matupu! Masika ikija huyu ataishi juu ya mti." Mnatujua Wandamba kwa utani na majirani zetu. Yeye anacheka kidogo, basi.

Darasani alikuwa moto. Herufi alizishika haraka mpaka mimi mwongozaji wake nikawa narudia zangu kwa siri nisije nikaaibika.

Nikaanza kupumua. Nikajiambia huyu tumemvusha.

Jamani, sikujua kuna Jumapili.

Wapya walikuwa hawaingizwi kanisani wiki za mwanzo, na Jumapili ile ndiyo ilikuwa yao ya kwanza. Tumepangwa mistari. Padre Mkuu akashuka na ndoo yake na ule usinga wa manyoya, anatunyunyizia maji ya baraka mstari kwa mstari. Alipokaribia kwetu nikasikia upepo pembeni yangu. Nageuka, Liganga hayupo! Amepita chini ya mabenchi, ametokea mlangoni, huyo.

Kanisa zima likageuka. Padre Mkuu akaangalia ule mlango, kisha akaniangalia mimi. Weee! Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulimkuta mtoni, amekaa peke yake. Baada ya misa Padre Mkuu akaniita. Alikuwa Mjerumani mkali, Kiswahili chake cha kukatakata. Akasema, "Huyu anadharau Mungu. Jumapili ijayo akimbia tena, askari atamrudisha kwao. Na boma litaandikiwa."

Boma litaandikiwa! Nilimwona yule mzee jumbe na kifua chake yuko chini ya mzigo.

Wiki ile sikula vizuri. Nilimkaripia Liganga, kimya. Nikambembeleza, kimya. Nikamtisha na moto wa milele, akaniangalia kwa huruma kama mimi ndiye mgonjwa.

Naomba niweke jambo hapa kwa ambao hamkuwepo. Siku zile neno "maji" lenyewe lilikuwa zito, ukilitamka unadhaniwa mwasi. Mbele ya askari ukiwa na kiu unasema, "Naomba cha kunywa." Sasa mimi nitamwendeaje Mzungu nikamwambie kuna mtu anaogopa maji yako? Atauliza kwa nini, na nikijibu nimemchongea.

Alhamisi nikachoka. Tulikuwa tunapalilia mpunga wa misheni, wawili tu kwenye kona yetu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi sikuulizi tena kwa nini unakimbia. Niambie tu, wewe unaona hapa tunafanywa nini?"

Akasimamisha jembe. Akaniuliza na yeye, "Kwani wewe huoni?"

Akaanza kunihesabia. Asubuhi tunapangwa mstari, fimbo begani, kushoto kulia, kushoto kulia. Hiyo ilikuwa kwata ya shule, sisi tuliona ni adha tu ya kuamshwa mapema. Halafu tunalala pamoja, tunakula pamoja, hatuendi kwa wake wala mama zetu. Halafu tunapangwa mstari tena, anapita mtu na usinga wake anatunyunyizia.

"Baba alipangwa hivyohivyo," akasema. "Na kaka zangu. Walipewa mabua wakafundishwa kuyashika kama bunduki, wakakatazwa wake zao, wakanyunyiziwa. Wakaambiwa risasi itakuwa maji. Wakaenda Mahenge bomani, bombom, ile bunduki ya kumimina risasi, ikawalaza wote. Mama akaniambia, mtu akikupanga mstari akakunyunyizia maji, huyo anakutuma kufa."

Wakuu, nilikaa chini kwenye tope.

Maana alikuwa sahihi! Kila alichokiona kilikuwa kweli. Mimi nilikuwa mwaka mzima pale na sijawahi kuviweka pamoja. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanitoka.

Nikamwambia hapa hatuendi vitani. Akasema, "Hata wao waliambiwa watarudi." Kisha akaongeza, taratibu, "Yule aliyewapa maji, yeye mwenyewe hakuwatangulia Mahenge. Alibaki."

Hapo ndipo nikashika kitu.

Kwetu sote bondeni na milimani, mwenye pombe anaionja kwanza mbele ya mgeni. Asipoonja, hata uwe na kiu vipi, hugusi. Huyu kijana hakuwa anamdharau Mungu. Alikuwa anangoja mwenyeji aonje.

Na Padre huwa anajinyunyizia kwanza, mimi nilijua kwa sababu niliwahi kumtumikia altareni. Ila anafanya hivyo ametupa mgongo. Huku nyuma haionekani.

Ijumaa nikaenda kugonga kwake. Nikasema, "Padre, samahani. Wageni wetu hawa, desturi yao mwenyeji huanza kuonja. Ukigeuka ukajinyunyizia wakakuona, watatulia."

"Wote?" akauliza.

"Mmoja, Padre."

Akaweka kalamu chini. "Baba yake yuko wapi?"

Nikashindwa kudanganya, na kusema kweli nikaogopa. Nikasema tu, "Hakurudi, Padre."

Akaniambia niende. Nikatoka sijui kama nimemwokoa Liganga au nimemzika. Jumamosi nzima nilikuwa nachungulia njia ya Mahenge kama kuna tarishi anaondoka na barua.

Jumapili ikafika.

Tumepangwa. Nimemshika Liganga mkono. Nikamnong'oneza, "Ukitaka kukimbia, tutakimbia wote." Sijui nilisema vile kwa nini, mimi mwenyewe mbio sina.

Padre Mkuu akapanda altareni. Akachovya. Halafu, wakuu, akageuka. Akatutazama, akajinyunyizia kichwani, si tone moja, mpaka ndevu zikachuruzika. Akasimama hivyo kidogo ili wote waone. Ndipo akashuka.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Mkono wa Liganga ukanibana hadi vidole vikafa ganzi. Padre akafika, akanyunyiza. Matone yakamwangukia usoni. Akafumba macho, na hakuondoka.

Misa ikaisha tukatoka nje. Amesimama juani, maji bado yako kwenye paji la uso, hayafuti. Machozi yanashuka, hajali nani anamwona.

Akaniuliza, "Haya. Sasa tunakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Tunakwenda kunywa uji."

Akanikazia macho kuona kama natania. "Uji tu?"

"Uji tu, ndugu yangu. Na leo Jumapili una asali."

Jamani, yule mtu alicheka! Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo alikunywa uji wa kutiliwa na mtu mwingine, na akaomba aongezewe.

Nisiwachoshe. Alimaliza chuo mbele yangu kwa alama. Sasa ni mwalimu ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, na baba yake mdogo amekufa kitandani kwake, akiwa mzee wa watu na hajavishwa mnyororo. Wanaotoka huko wanasema mwalimu Liganga akipokea wanafunzi wapya, anachota maji mtungini, anakunywa yeye kwanza mbele yao, ndipo anawapitishia kata. Kwata kwake hakuna.

Nilichojifunza mimi: mgeni anayekimbia ana sababu, na mara nyingi sababu yake ni ya kweli kuliko karipio lako. Muulize anaona nini. Usimwambie wewe unaona nini.

Wiki hii nami nimepokea wapya. Kuna mmoja hataki kabisa kukaa karibu na mlango, na mimi nimeshaanza kuhamisha vyungu. Waliowahi kumpata wa namna hiyo waniambie hapa chini, alikuwa ameona nini mlangoni?