Ngazi ya Koridoni

Miaka kumi na saba nimefagia ofisi hii ya watu wanaotia mitaji kwenye kampuni changa za teknolojia. Kila kampuni wanayoisaidia, picha ya waanzilishi wake hutundikwa koridoni. Ikifa, bosi huniambia, "Mama, lete ngazi," nami huishusha. Stoo imejaa nyuso zinazocheka.

Mimi huyu niliwahi kumfukuza mwizi kwa ufagio, lakini tangu picha ya binti yangu ipande ukutani, nikisikia ngazi huwa tumbo joto.

Leo bosi ameniita. Nikamfuata, ngazi begani. Akaipita picha ya binti yangu. Nikashusha pumzi.

Akasimama mwanzo wa korido, penye picha yake akikata utepe siku ya kufungua ofisi.

"Anza na hii, mama," akasema. "Kisha zote."