King'ora Kikilia, Mwatumu Anakaa

Jua limepanda, na Mwatumu Mdoe ana mzigo wa singa mbichi za mkonge begani. Anazichambua, anazitandaza juu ya waya zikauke. Nyuma yake Mama Upendo, mwanikaji mwenzake, anasoma swali kwa sauti.

"Sentensi ipi ina muundo sahihi? A, Kiti yangu imevunjika. B, Kiti changu kimevunjika…"

"B!" anadakia Mwatumu.

"Hiyo A ni ya mnyapara wetu kabisa," anasema mwingine, na kicheko kinapita waya hadi waya.

Hapa Ngombezi, nje kidogo ya Korogwe, wanawake hawa wanamwandaa mwenzao kurudia mtihani wa kidato cha nne. Mwatumu, mzaliwa wa Sindeni, aliacha shule mama yake alipopooza.

"Nilimuuguza mpaka akafariki. Nilikuwa namgeuza kitandani, sijui kama namuumiza. Hilo linanichoma mpaka leo," anasema, machozi yakimlengalenga. Ndiyo maana anataka kusomea uuguzi.

Mwaka jana alifanya mtihani katika shule iliyo jirani na kiwanda hiki cha mkonge. Yale maswali ya kuchagua sentensi aliyaweka kiporo, maana ndiyo aliyoyamudu. Mara king'ora cha kiwanda kikalia.

"Miaka yote hii, kikilia tunanyanyuka kwenda nyumbani. Basi miguu ikasimama yenyewe! Msimamizi akaniuliza, 'Mama, umemaliza?' Nikaitikia ndiyo. Jamani, ndiyo ya wapi? Nimefika getini ndiyo akili inarudi. Nililia siku hiyo, acha tu."

Kiswahili kikamwangusha, na nafasi ya chuo ikapotea.

Mama Upendo ndiye aliyegundua dawa. Kila jioni, kazi ikiisha, Mwatumu anakaa chini na maswali yake kusubiri king'ora. Kikilia, wenzake wanaondoka. Yeye haruhusiwi kunyanyuka mpaka ajibu swali la mwisho.

"Mwakani nataka niwe chuoni," anasema. "Ninachoogopa si maswali. Naogopa hii miguu."

Jioni hii king'ora kinalia. Wanawake wanakung'uta vumbi kwenye khanga zao na kubeba mikoba. Magoti ya Mwatumu yanaanza kunyanyuka.

Mama Upendo anamwekea mkono begani.

"Kaa, mwanangu," anamwambia taratibu. "Hicho kinatuita sisi. Wewe hakikuiti tena."