Défense ya Béa na Mukono wa Makako

Nikisema aibu, watu wanafikiri suruali ilipasuka sokoni. Yangu ilikuwa kubwa kuliko suruali, lakini muniache kwanza niseme habari ya mbuzi.

Nilikuwa mutoto, kule Yahuma. Mbuzi mumoja alikula mihogo ya bibi ya chef wa kijiji, wakamushitaki papa yangu, na mbuzi hata hakuwa wetu (wetu alikuwa na pembe moja, kila mutu alimujua). Papa akasimama mbele ya wazee wa tribunal, ile baraza ya kuhukumu, akawa anazungusha kofia yake mikononi, anaizungusha tu, na wale wote tuliokula nao walikuwa wanaangalia chini. Hakuna aliyesimama. Tukarudi nyumbani bila mbuzi wetu wa pembe moja. Nikaweka ndani ya roho: mutu wangu akisimama mbele ya majuge, mimi nitasimama naye.

Bon. Nikakomaa, nikahamia Kisangani, vita ikanikuta nafanya toleka, ile kazi ya kubeba watu nyuma ya baiskeli, sababu magari hayakuwa na mafuta na mto ulikuwa umefungwa. Nyumbani, commune ya Tshopo, tulikaa na Béa, mutoto wa dada yangu marehemu, aliyesoma chuo kikuu mpaka yale masomo ya juu kabisa ambayo wenzake wakiyafikia wameshazaa. Kila asubuhi nilimupeleka na baiskeli, anasoma nyuma ya mugongo wangu. Anasoma nini? Nilijua tu iko mambo ya pori.

Asubuhi moja akashuka, akaniambia, "Tonton, alhamisi niko na défense. Mbele ya jury."

Kwangu hayo yalikuwa maneno ya tribunal. Wakati ule watu walichukuliwa kwa neno dogo tu, na mwenye kukosa wa kumutetea hakuonekana tena. "Umefanya nini, mama?"

"Politique ya mazingira ya dunia nzima, tonton," akacheka, akakimbilia ndani, mvua ilikuwa inaanza.

Politique. Tena ya dunia nzima.

Sikumuambia bibi yangu, Mama Régine, kusudi asilie. Alhamisi yeye akanituma kwa wavuvi wa maporomoko, nilete samaki ya sikukuu (nikashangaa, inaonekana Béa alimuambia, naye anapika kabla ya hukumu, lakini wanawake wako na imani). Kumbe askari wamefunga njia ya kule. Hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo, kidogo sana: mama mumoja alikuwa anauza makako, yaani kima, nyama ya pori ya kukausha kwa moshi, nikachukua, nikafunika na majani ndani ya kitunga, na kwa vile saa ilikuwa imefika nikaenda chuoni moja kwa moja na kitunga changu.

Naingia salle, ule ukumbi wao, nakuta wazee watatu kwenye meza, wamevaa toge, zile nguo nyeusi za majuge. Mbele yao Béa, peke yake. Maneno yote Kifaransa, na Kifaransa yangu mimi iko ya kuita abiria. Halafu yule wa katikati, président, akauliza swali refu, nikashika ndani yake "viande", nyama, nikashika "makako", nikashika "chez vous", yaani kwenu. Béa akawa anazungusha kalamu mikononi. Nikaangalia watu: wote wanaangalia chini.

Nikasimama.

"Muheshimiwa juge, huyu mutoto hana kosa. Makako iko yangu. Ni mimi niliileta, askari wamefunga njia ya samaki, yeye hajaionja (ya leo)." Nikanyanyua kitunga waone, majani yakaanguka, mukono wa makako ukatokea juu, umekauka, vidole vimekunjika.

Mwanafunzi mumoja nyuma akasema, "Président, makako naye anaomba neno," na salle yote ikaanguka kwa kicheko.

Président akangoja watulie, akasema kwa Swahili, polepole kabisa, "Papa, hapa hatumushitaki mutu. Défense ni kusema anatetea kitabu chake. Anasoma sheria ambazo mataifa yanaweka juu ya pori, kama ile ya kukataza nyama hiyo." Halafu akamugeukia Béa, na yeye mwenyewe hakuwa anacheka. "Donc, mademoiselle, swali langu liko palepale. Tonton yako ndiye huyu. Sheria inamuambia nini? Jibu kwa Swahili, naye asikie."

Béa akaweka kalamu chini. "Inamuambia iko na kosa." Akanigeukia. "Lakini walioiandika, njia yao ya samaki haikufungwa na askari. Pori lichungwe, ndiyo. Mwenye kukataza makako alete na kitu cha kupika. Ndicho ninachotetea. Na huyu papa ndiye alinileta hapa kila siku na baiskeli."

Mimi wakati ule nilisikia kosa tu, mengine alinirudilia nyumbani, sababu masikio yalikuwa yanawaka. Niliapa palepale kwamba neno la Kifaransa nitauliza maana yake kwanza, hata kama ni bonjour. Nikaacha kitunga kwenye benchi, nikapita katikati ya magoti ya watu, pardon, pardon, mpaka nje.

Nilikuwa nafungua mnyororo wa baiskeli nikasikia makofi, mengi, marefu. Nikasema, bon, wamemuachilia. Nikapanda, nikaenda, na ile salle sijaikanyaga tena mpaka leo, hata kufuata kitunga, na kilikuwa kitunga kizuri.