Chakula Kilichopoa

Ukialikwa kula nyumbani kwa seremala wa mtaa ule, ilikuwa busara kwanza ule kidogo kwenu. Si kwamba chakula kilikuwa haba. Mkewe, fundi cherehani, hakuwa na mkono wa birika, na sufuria zake zilijaa. Shida ilikuwa sala. Seremala akiinamisha kichwa kuombea chakula, alianza na chakula kweli, lakini hakuishia hapo. Aliwaombea waliolima, waliovuna na waliobeba magunia. Aliingia hospitalini akapita kitanda kwa kitanda. Aliwaombea wasafiri, wajane, wenye mamlaka, na kuku wa jirani aliyegoma kutaga. Akifika pale pa kusema amina, akivuta pumzi na wageni wakianza kuinua vichwa, humkumbuka mtu mwingine. Kanisani walimbandika jina la Amina Bado, wala hakukasirika.

Aliyekasirika ni mkewe. Mwanamke amesimama mbele ya jiko jasho likimtiririka, amehakikisha mchuzi unafika mezani ukitoa mvuke, halafu mvuke wote unaishia kwenye masikio ya watu walioinamisha vichwa! Mwanzoni mwa ndoa alivumilia. Baadaye akaanza kufunika mabakuli na visahani sala ikianza, ili wote waone kwamba fundi cherehani anamjua mumewe. Siku moja akamwambia wazi.

"Fundi mwenzangu, Mungu anaweza kusubiri. Mchuzi hauwezi."

Seremala alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake aliomba kwa muda mrefu zaidi, akiongeza shukrani maalumu kwa kupewa mke mwenye subira.

Hivyo ndivyo walivyoitana, fundi mwenzangu, tangu wachumba. Cherehani ya mke ilikaa dirishani, chumba cha mbele, na vipande vya vitambaa vilizagaa mpaka mlangoni. Mume alifanya kazi karakana ya mtaa wa pili, akirudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi. Meza waliyolia chakula alikuwa ameitengeneza mwenyewe kabla ya harusi, miguu imara, pembe zimelainishwa ili mtoto atakayezaliwa asijigonge. Mtoto akazaliwa, binti mmoja tu, akajifunza kusali kwa jicho moja, maana jingine lilikuwa likilinda nyama.

Halafu ikaja ile siku. Hakukuwa na dalili wala ndoto mbaya, ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Ubao wenye fundo gumu uliruka kwenye mashine ya kupasulia, na mkono wa kulia wa seremala ukafuata ubao. Waliomkimbiza hospitali walifanya walichoweza, na madaktari vivyo hivyo. Aliporudi nyumbani, mkono ule ulikuwa umebaki na kidole gumba peke yake.

Mlo wa kwanza baada ya kurudi, mkewe alipika kama anayepokea mgeni wa heshima. Akaandaa, akaketi, akainamisha kichwa. Binti naye akainama. Wakangoja. Mama akadhani mumewe anatafuta pa kuanzia, kwa kuwa safari hii mambo ya kusema yalikuwa mengi. Kimya kilipozidi akafungua jicho. Mumewe alikuwa ameketi wima, anautazama mkono uliofungwa bandeji.

"Kuleni," akasema.

Wakala. Mama akajiambia ni maumivu. Lakini siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata, na bandeji zikafunguliwa na kidonda kikakauka, na bado neno lilikuwa lile lile, kuleni. Jumapili nayo ikawa na maajabu yake. Mkono ndio ulioumia, lakini saa ya kwenda kanisani miguu ndiyo iliyouma.

Mkewe alipomuuliza, alimuuliza kwa upole, wakiwa wawili tu, akimkata kucha za mkono wa kushoto.

"Nilikuwa naiombea hii mikono kila siku," seremala alisema. "Kila siku, fundi mwenzangu. Wewe ni shahidi, chakula kilikuwa kinapoa. Sasa nianze kumwambia nini?"

Mke hakutunga jibu, na hapa ndipo ninapompenda sana. Alimaliza kucha, akaufunika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaenda kushona. Pale kwenye cherehani ndipo machozi yalipomtoka. Mkono aliuzoea upesi. Alichoogopa ni kwamba yule mtu aliyemuoa, aliyekuwa na nafasi moyoni ya kila mgonjwa na kuku wa jirani, alikuwa anaondoka kidogo kidogo huku akiwa ameketi kwenye kiti kile kile.

Akataka kusaidia. Fundi akitaka kusaidia, husaidia kwa ufundi. Aliona mumewe anavyohangaika na vifungo vya shati, akachukua mashati yote, akang'oa vifungo, akashona vile vya kubana ambavyo hata mtoto wa chekechea anaviweza. Aliona amefanya jambo la maana. Seremala alipovaa la kwanza na kusikia kile kilio cha kifungo, tap, alilivua akaliweka kitandani.

"Umeanza kunivisha kama mtoto?"

"Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Kazi zimepungua za kutosha."

Ilimchoma. Siku nzima alinuna, na wakati wa kununa hushona kwa kasi ya kutisha. Lakini jioni ilipokaribia alikuwa ameshaelewa. Akafumua mashati yote, akarudisha vifungo vyake vya zamani, kimoja kimoja. Toka hapo, mume akivaa, yeye alijifanya ana shughuli. Kuna siku mumewe alitoka chumbani upande mmoja wa shati uko juu, mwingine chini, naye akameza maneno yote yaliyomjia. Mpaka asubuhi moja alitoka shati limenyooka, kola imekaa, kifungo cha mwisho kimefungwa. Mke akarudi kazini, na majirani wote wakasikia cherehani ikiimba na mwenye cherehani akiimba zaidi yake.

Kwa hiyo wifi yake alipokuja kumshauri, alikuta mtu ameshapata somo.

Niseme kidogo juu ya washauri. Wapo watu wakija kukufariji, wakiondoka unahitaji kufarijiwa upya. Mzee mmoja wa kanisa alifika akahoji kama kuna dhambi iliyofichwa, seremala akatoka nje kwenda kuangalia mvua ambayo haikuwepo. Wifi mtu hakuwa wa aina hiyo, alimpenda kaka yake kwa dhati. Lakini hata yeye alikaa ukingoni mwa kiti na kusema, "Wifi, nyumba haikai bila sala. Kama kaka amegoma, shika wewe. Omba kwa sauti, mle."

"Kuomba naomba, wifi. Ila ile sala ya mezani ina mwenyewe."

"Na mwenyewe asiporudi?"

"Nimeahidi mbele ya watu kukaa naye kwenye raha na shida. Hakuna aliyeniambia shida itakuwa ya aina gani. Nitamngoja."

"Kwa kunyamaza?"

"Nilimshonea vifungo vya kubana akaona nimemtoa utu uzima. Nikimshikia na hii, atabakiwa na nini?"

Wifi aliaga bila kuongeza ushauri, na kwa ukoo ule hilo lilikuwa jambo la kihistoria.

Basi wakawa wanaishi hivyo. Mama anapakua, anaketi, anainama na kuomba kimya. Tangu utoto alikuwa na tabia ya kutikisa midomo akisoma au akiomba moyoni, na hakuwa na habari nayo. Aliomba kwa ufupi. Alishukuru kwa gumba lililobaki, kwa kidonda kilichokauka, kwa lile shati. Siku nyingine neno lilikuwa moja tu, mrudishe. Kisha anainua kichwa, wanakula. Na chakula kikawa cha moto! Mchuzi ulikuwa unamuunguza ulimi, ule ule mchuzi aliougombania miaka yote, na kila ulipomuunguza alitamani kulia.

Mume akaanza kwenda tena karakana, kufagia, kuchagua mbao, kisha kujaribu randa kwa mkono wa kushoto. Alirudi na kigoda kilichoyumba. Mke akakikalia akasema kinafaa, na kilifaa, mradi usicheke ukiwa juu yake. Alimshukuru Mungu kwa kigoda pia. Lakini mezani neno halikubadilika.

Na yeye alikuwa anachoka. Kazi ya nyumba ilikuwa yake, cherehani yake, tumaini nalo lake. Ndipo akapata kazi ya majoho ya kwaya. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba kanisa lingine, na kitambaa cha zambarau walikileta wenyewe, cha mwisho dukani. Kitambaa kile kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Kila fundi anajua kwamba ukikata mikono ya nguo, unakunja kitambaa kikutane uso kwa uso, ndipo upate wa kulia na wa kushoto. Hata aliyeanza kazi jana anajua. Mama wa watu, kichwa kikiwa kizito, alipanga tabaka zote zikitazama juu, akapitisha chaki, akapitisha mkasi. Alipoanza kuunganisha ndipo akagundua. Mikono yote ya majoho yote ilikuwa ya kushoto.

Kwa wenye wasiwasi na kwaya, niwaambie mapema nisije nikasahau: mikono ya kulia ilikatwa baadaye kwa kitambaa cheupe, kwaya ikaimba ikiwa na mkono mmoja mweupe na mmoja zambarau, na wiki iliyofuata kwaya nyingine ikaja kuulizia mshono ule ule. Lakini mchana ule yeye hakuyajua hayo. Aliyajua maji yaliyomfika shingoni.

Alipakua chakula kwa mazoea. Akaketi, akainama. Hakuna kilichokuja, hata asante moja, hata lile neno la mrudishe. Alikaa tu, macho kwenye bakuli.

Binti alishika kijiko. Baba yake hakushika.

"Mbona huombi?" seremala akauliza.

Mkewe akainua uso. "Umejuaje?"

"Midomo yako. Inatikisika." Alitazama pembeni kama mtu aliyefumaniwa. "Siku zote huwa naiangalia. Ikitulia ndipo nakula. Leo haikutikisika."

Alikuwa hajui. Siku zote hizo alidhani anaomba peke yake, kumbe kulikuwa na mtu ameegemea sala yake.

"Leo sina," akasema, na sauti ikamkatika. "Nimeishiwa, fundi mwenzangu. Nimeharibu kitambaa cha kwaya. Nimekata mikono yote ya kushoto."

"Yote?"

"Yote. Hakuna wa kulia hata mmoja."

Seremala akautazama mkono wake wa kulia uliolala mezani na gumba lake. Akamtazama mkewe. Kona ya mdomo ikaanza kumcheza.

"Basi tumelingana," akasema.

Binti aliziba mdomo kwa woga. Lakini mama yake alicheka, cheko likamtoka pamoja na machozi na kamasi, na mumewe naye akacheka, lile cheko lake la kushika mbavu, na meza ikatikisika. Walipotulia alipangusa macho kwa mkono wa kushoto.

"Inamisheni vichwa," akasema.

Sauti ilitoka na kutu. Ilibidi akohoe, aanze upya.

"Baba, nimekaa kimya muda mrefu. Sikuwa na la kukuambia, na kusema kweli hata leo sijaelewa. Lakini huyu mke wangu amekuwa akiniombea hapa mezani siku zote, na leo amechoka. Kwa hiyo nimekuja mimi. Asante kwa hiki chakula."

Akanyamaza. Mkewe alidhani imetosha, na kwake ilitosha kabisa, angeweza kusema amina hapo na kushukuru mpaka kufa. Lakini mume alivuta pumzi. Akashukuru kwa gumba. Akashukuru kwa mke anayejua kungoja. Akaombea mikono ya zambarau ipate wenzake. Akamkumbuka muuguzi aliyembadilishia bandeji, na mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekuwa akilia usingizini, na kuanzia hapo akawa ameshaingia hospitalini, kitanda kwa kitanda. Akatoka, akaenda kwa wasafiri. Akapita kwa wajane. Mama alisikia sauti ikilainika, ikipata nguvu, ikirudi kuwa ile aliyoolewa nayo.

Akafungua jicho kidogo. Mvuke wa mchuzi ulikuwa unapungua. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kisahani, ili aufunike, kwa mazoea ya miaka. Kisha akaurudisha mapajani. Mafuta yakaanza kuganda pembeni mwa bakuli, naye akayatazama yakiganda kwa furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu.

"Na kuku wa jirani," seremala alisema, "ambaye nasikia siku hizi anataga, asante."

Binti akakwama na kicheko puani. Baba akavuta pumzi, vichwa vikainuka, akamkumbuka mtu mwingine, vichwa vikainama tena. Amina ilipofika, ilifika kweli.

Binti aligusa bakuli kwa nje, akasimama. "Mama, kimepoa chote. Nikakipashe moto?"

"Thubutu!" mama yake akasema, akivuta bakuli karibu naye. "Nimekisubiri kipoe siku nyingi."